Mwanangu aliponiumbua langoni kwa Mickey Mouse

Jamani wasomaji, leo nimeamua kujianika mwenyewe. Kisa hiki ningeweza kukifunika nikakaa kimya, lakini mama watoto kaniambia nisipokisema mimi atakisema yeye, na yeye akisimulia jambo chumvi haikosekani.

Kilichonikumbusha yote ni simu. Kuna Mtanzania mwenzangu tunayeishi naye hapa Atlanta, kanipigia usiku nikiwa ndiyo kwanza nimepaki lori. Hata salamu hakuimaliza. "Kaka, hivi mtoto anatakiwa awe na miaka mingapi ndipo umpeleke Disney?" Ana watoto wawili, mmoja wa miaka minne, mwingine ndiyo anaota meno. Nilicheka mpaka akaudhika. Nikamwambia, ndugu yangu, vuta kiti, hilo swali mimi nimelilipia kwa dola na kwa aibu.

Kwa ninyi mlioko nyumbani, Disney ninayoisema ni ile iliyo karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida. Ilifunguliwa Oktoba 1971. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 100, na ndani yake mna bustani nne kubwa za burudani, kila moja na lango lake. Kwa mtoto anayekulia huku, kumaliza shule ya msingi bila kufika kule ni sawa na mtoto wa Dar ambaye hajawahi kupelekwa Coco Beach siku ya Idi. Wenzake shuleni wanarudi na kofia za masikio ya panya, yeye hana la kusimulia.

Basi sisi tuna watoto watatu. Mwaka 2023 kifungua mimba, binti, alikuwa na miaka 10. Wa kati, wa kiume, alikuwa anakaribia sita. Kitinda mimba, naye binti, ndiye mwenye kisa hiki.

Mama watoto alikuwa na msimamo wake tangu mwanzo. "Tusubiri mpaka huyu mdogo afike miaka saba," alisema. "Atembee mwenyewe kutwa nzima, ajue kusema anataka msalani kabla mambo hayajaharibika, na kesho yake akumbuke alikokwenda. Sasa hivi unampeleka akaone nini? Atalala tu." Mama watoto ni nesi wa zamu za usiku, na akisema mtu atalala, atalala.

Mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Wenyewe Disney wana taratibu zao za umri. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure. Kuanzia mitatu hadi tisa analipa bei ya mtoto, ambayo ukiitazama vizuri imepishana kidogo mno na ya mtu mzima. Akifika 10, hana tena utoto, analipa kama baba yake. Binti yangu mkubwa alipolisikia hilo alifurahi sana, akawa ananiambia nyumbani, "Baba, mimi kwa Disney ni mtu mzima." Nikamwambia mtu mzima na alipe mwenyewe, akanyamaza.

Lakini neno lililonikaa mimi ni lile la bure. Mimi ni Mchaga wa Marangu, na Mchaga akisikia neno bure husogeza kiti. Nikamwambia mwenzangu twende mwezi wa tatu, kabla mdogo hajatimiza mitatu, tuokoe tiketi moja. Akaomba likizo kazini, wakamwambia asubiri. Akaomba tena, asubiri. Ilipotoka ilikuwa ya Julai. Na mwezi Mei, katikati hapo, tulikuwa tumeshakata keki yenye mishumaa mitatu.

Miezi miwili tu, wasomaji. Kwa miezi miwili nidaiwe tiketi ya siku mbili, zaidi ya dola 200? Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ilikuwa kama nusu milioni ya Kitanzania. Moyo wangu ulikataa kabisa. Nikajisemea, mtoto mwenyewe mwembamba, nani atajua?

Tena msinishangae sana. Kule nilikokulia, kumpunguzia mtoto umri ilikuwa ni uchumi. Miaka ile tukisafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Dar, konda alikuwa akipita kuhesabu vichwa, na mama yangu alikuwa ananikumbatia, ananikunja magoti, anamwambia konda, "Huyu ana minne, nampakata." Nilikuwa na saba. Miguu yangu ilikuwa inagusa kiti cha mbele. Konda alinitazama, akamtazama mama, akapita. Nikafika Ubungo nimekufa ganzi kiuno chote, lakini nauli imeokoka.

Kwa hiyo tulipopakia gari alfajiri ile ya Julai, chapati kwenye mfuko, maji na juisi kwenye boksi la barafu (kule wanaruhusu uingie na chakula chako, ila si chupa za kioo wala pombe), mimi tayari nilikuwa na mpango. Kutoka Atlanta hadi Orlando ni kama kilomita 700. Kwa dereva wa lori hiyo ni safari ya kawaida. Nikaanza darasa tulipopita Valdosta.

"Mama," namwita hivyo kitinda mimba kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la mama yangu, "wakikuuliza una miaka mingapi, onyesha hivi." Nikamwonyesha vidole viwili. Akacheka, akaonyesha vitatu. Nikamkunja kimoja. Akakirudisha. Ndugu zangu, miezi miwili nzima yule mtoto alikuwa kazi yake ni kumwonyesha kila mtu vidole vitatu: posta, kanisani, hata mwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Sasa leo baba anataka akipunguze kimoja. Lakini kwa peremende na maneno matamu, tulipofika Ocala alikuwa ameshika somo. Viwili. Namuuliza, viwili. Naruka habari nyingine, nageuka ghafla namuuliza, viwili.

Mama watoto muda wote huo alikuwa anatazama nje ya dirisha. Hakusema neno. Kumbukeni hilo. Watoto wakubwa wawili nao walikuwa kiti cha nyuma, kimya. Nilidhani wamelala.

Siku ya kwanza tulianza na bustani inayoitwa Animal Kingdom. Saa tatu asubuhi jua la Florida limeshachomoza na jasho linatutoka, foleni ndefu langoni. Tukafika kwa mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, nywele nyeupe, uso wa tabasamu. Akapokea tiketi nne. Akainama kwa kitinda mimba, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na huyu binti mfalme ana miaka mingapi?"

Nikawahi mimi. "Miwili."

Kitinda mimba akainua mkono. Vidole viwili, safi kabisa, kama tulivyofundishana. Nikashusha pumzi. Halafu nikamwona anavitazama vile vidole vyake, anavigeuza, kama mtu aliyehesabu chenji ikapungua. Akakunjua cha tatu. Akapaza sauti kwa Kiingereza, lugha ambayo pale kila mtu anaijua: "Hapana! Mitatu! Baba kasema niseme miwili!"

Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba. Watu nyuma yetu walicheka. Yule mama wa langoni wala hakukunja uso, wala hakunihubiria. Alimpongeza mtoto kwa kutimiza miaka mitatu, kisha akanionyesha kwa mkono dirisha la tiketi lilipo. Upole wake ndio uliniumiza zaidi. Afadhali angenifokea, ningepata pa kukasirikia.

Nikiwa nageuka, nikasikia nyuma yangu Kiswahili cha Pwani kimelainika kama tui: "Pole kakangu. Mie wangu alin'fanyia hayohayo uwanja wa ndege." Alikuwa dada mmoja amembeba mtoto mgongoni kwa leso. Kumbe darasa lote la mwisho nililompa mwanangu pale kwenye foleni, nikiamini nasema lugha ya siri, alikuwa amelisikia mwanzo mwisho. Nikamwambia, "Ahsante dada." Ningesema nini tena?

Nikalipa. Zaidi ya dola 200, na joto, na foleni ya pili. Nikarudi nikamkuta mama watoto amewakalisha wote kivulini. Akanipa maji. Akasema neno moja tu: "Umeshalipa?" Nikasema nimelipa. "Basi twende."

Sasa wasomaji, nikiwa na aibu yangu vile vile, niwaambieni nilichokikuta ndani, maana nilidhani ninaota. Ndani ya bustani ile wamejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, wameuita Harambe. Kuta zimejengwa mpya halafu mafundi wakalipwa kuzichakaza, rangi ibanduke, plasta ionekane imeliwa na chumvi ya bahari. Kwetu watu wanatafuta hela ya chokaa wafunike ufa, kule ufa unanunuliwa. Mabango ya Kiswahili kila upande. Kuna duka la vitu baridi linaitwa Tamu Tamu. Nikawa nawasomea watoto maneno ya ukutani kwa sauti, na wa kati akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwake tangu azaliwe. "Baba, kumbe watu wa Disney wanaongea Kiswahili?"

Alidhani sisi ndio tumeiga.

Pale ndipo unapopanda magari ya wazi ya Kilimanjaro Safaris. Yameanza Aprili 1998, siku ileile bustani ilipofunguliwa. Ni mwendo wa kama dakika 20 unapita kwenye pori la kutengenezwa lakini wanyama ni wa kweli: twiga, tembo, kifaru, viboko, na simba kajilaza juu ya mwamba. Mibuyu mingi ni ya saruji. Dereva anasalimia "Jambo" kama wanavyosalimiwa watalii kwetu. Hapa hawakupimi urefu wala umri, mtoto yeyote anapanda.

Na kitinda mimba, yule aliyeniumbua, yule ambaye nimetoka kumlipia kitita cha fedha langoni, alilala gari likiwa halijakata kona ya kwanza. Twiga kapita karibu kabisa, nikamtikisa, hakuna. Simba, hakuna. Nusu milioni ya Kitanzania imelala kifuani mwangu inakoroma. Nikamtazama mama watoto. Hakusema "nilikwambia". Alitabasamu tu akamtazama twiga.

Tuliposhuka, wa kati akaniuliza mlima uko wapi. Nikamwambia mlima gani? "Si Kilimanjaro hii? Mlima wa bibi uko wapi?" Nikatazama huku na huku. Mlima upo, wasomaji, lakini si wetu. Waliojenga pale ni Everest! Una urefu wa kama mita 60, na ndani yake kuna vigari vya reli vinavyopanda taratibu na kushuka kwa kasi. Kilimanjaro yenye mita 5,895 imebaki jina kwenye magari, Everest ndiyo imepewa kilele. Tena hiyo Everest mtoto wangu hakuruhusiwa, maana urefu unaotakiwa ni inchi 44, yaani kama sentimita 112. Yeye nyumbani tulimpima kwenye fremu ya mlango, alikuwa na 109.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kule umri si kitu kikubwa sana. Kitu kikubwa ni kile kijiti cha kupimia kilichosimama mlangoni. Kesho yake tukaenda Magic Kingdom, na huko ni vijiti kila kona. Tembo wanaoruka wa Dumbo na mashua za It's a Small World hazina kipimo, hata mtoto wa kubebwa anapanda na mzazi wake. Ile treni ya mgodi ya Seven Dwarfs inataka sentimita 97. Space Mountain inataka 112. Tron, iliyofunguliwa Aprili 2023, inataka 122. Sasa fikiria familia yenye watoto wa vimo vitatu: mmoja anaruhusiwa kote, mwingine nusu, mwingine haruhusiwi karibu popote. Kila mlangoni familia yenu inagawanyika.

Wa kati hakulala usiku ule kwa ajili ya Space Mountain. Wenzake shuleni walikuwa wamemjaza. Ni vigari vinavyokimbia gizani kama mko angani baina ya nyota. Mwendo wenyewe ni kama kilomita 45 kwa saa, daladala la Mbagala lingeucheka, lakini gizani, kwenye kona, mtoto anahisi anaruka mpaka mwezini. Nilimwambia mapema, wewe hujafika, utakuja tena. Akasema sawa baba. Aliposema sawa haraka vile ningejua.

Mchana mama watoto akamchukua kitinda mimba wakatafute kivuli. Mimi na wakubwa wawili tukasogea Space Mountain, mpango ukiwa niingie na kifungua mimba, na yule wa kati tumkabidhi kwa mama yake. Akasema, "Baba, twende tu wanipime, huenda nimerefuka." Watoto hurefuka. Nikasema twende, wakikukataa hukulia. Tukashika foleni.

Tukiwa hatujakifikia kijiti, nikamwona anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Anapiga hatua, anakunja uso. Nikamuuliza vipi, akasema hakuna kitu. Nikainama nikashika kiatu. Kisigino kilikuwa juu. Ndani mlikuwa na soksi zimekunjwa mara nne, na juu ya soksi leso za karatasi za mgahawani. Na soksi zenyewe zilikuwa za dada yake.

Damu ilinipanda. Mimi ni dereva wa lori. Kila siku napita chini ya madaraja, na kabla ya daraja kuna kibao kinasema urefu wake. Trela langu lina futi 13 na nusu. Daraja likisema futi 12, halitaki kusikia umetoka wapi na una haraka gani, litakunyoa paa la trela na shingo yako pamoja. Wale wanaoweka kile kijiti wamepima kile chuma kinachomshikilia mtoto kwenye kiti, kinamshika wapi na kinamwachia wapi. Nikamshika mkono nikawatoa wote wawili kwenye foleni, nikawapeleka pembeni, nikaanza kufoka kwa Kiswahili kile cha Marangu chenye makofi ndani yake. Nani kawafundisha uongo? Nani kawafundisha kudanganya watu?

Wa kati alikuwa analia. Kifungua mimba hakulia. Alinitazama, akasema taratibu, bila ufedhuli, kama mtu anayeuliza njia: "Lakini baba, jana si wewe ulimwambia mdogo wetu aseme ana miaka miwili?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Ndugu zangu, mimi baba yangu nimeishi naye mpaka anakufa sikumsikia hata siku moja akimwambia mtoto "nimekosea". Kwetu baba hakosei. Akikosea, kosa linahamia kwa mama, au kwa mbuzi. Sikuwa na mfano wa kuiga. Nikaona njia mbili mbele yangu. Ya kwanza nimwambie binti afunge mdomo, watu wazima wana mambo yao, na neno hilo ningelisema sekunde moja mambo yakaisha. Ya pili sikuijua inaanziaje.

Nikachuchumaa pale ukutani, magoti yakalia. Nikamwambia, "Ndiyo. Jana baba alidanganya. Nilitaka kuokoa hela. Nilikosea, na nilimfundisha mdogo wenu vibaya." Wa kati akaacha kulia kwa mshangao. Nikaendelea, "Mimi uongo wangu ulinigharimu hela. Wa kwako wewe ungeweza kukutoa kwenye kiti gizani. Hela nitatafuta nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Hapo mwanamume mzima machozi yakanilenga, mbele ya watu waliovaa masikio ya panya.

Mvua ya radi ikaja, kama inavyokuja karibu kila alasiri ya Julai kule Florida, watu wakatawanyika. Jioni mama watoto akaingia na kifungua mimba Space Mountain, mimi nikabaki nje na wadogo wawili. Kuna utaratibu mzuri kule kwa wenye watoto wadogo: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Uulizieni mlangoni kabla hamjaingia. Zamu yangu ilipofika sikwenda. Nilikaa na wa kati tukala aiskrimu. Hakuniuliza chochote, mimi pia sikumwambia chochote.

Sasa imepita miaka. Juzi baada ya ile simu ya rafiki yangu niliwaita watoto mmoja mmoja, nikawauliza wanakumbuka nini cha Disney. Kitinda mimba hakumbuki kitu. Hakumbuki twiga, hakumbuki Mickey, hakumbuki vidole vyake. Anakumbuka mashine ya barafu iliyokuwa kwenye korido ya hoteli, ukibonyeza inamwaga. Wa kati anakumbuka vijiti vyote na sentimita zake. Kifungua mimba alifikiri kidogo, akasema, "Nakumbuka ulivyochuchumaa."

Nikampigia mama yangu Marangu. Alishasikia habari za safari ile lakini si hii ya langoni. Kwanza akauliza, "Hiyo Kilimanjaro ya huko ina baridi?" Nikamwambia haina baridi wala mlima. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamsimulia na habari ya vidole, nikidhani atacheka zaidi. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Wewe kwenye basi ulikuwa na miaka mingapi vile?"

"Saba, mama."

"Na bado unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mimi nilidhani umelala," akasema.

Basi rafiki yangu wa Atlanta, na wengine mnaojiuliza, majibu yangu ndiyo haya. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mpeleke kama wewe mzazi ndiye unayetaka kwenda, kwa sababu yeye hatakumbuka, na bure yake utailipa kwa kumbeba, kumbadilisha na kutafuta kivuli. Wa miaka mitatu au minne utalipa karibu sawa na mtu mzima ili akalale. Kuanzia sita hadi tisa ndiyo raha yenyewe, anatembea, anakumbuka, bado anaamini. Mpime urefu nyumbani, umwambie mapema ataruhusiwa wapi na atakataliwa wapi, ili asikutane na habari hiyo mlangoni. Na kama bado hawezi kusikia neno "hapana" bila kugaagaa, msubirini akue. Mama watoto alisema saba, na nimeshamwambia alikuwa sahihi. Sasa neno hilo nalo nimelizoea, halinikwami tena kooni.

Wa kati ameshapita 112, alama ya penseli ipo kwenye fremu ya mlango, na kila akipita pale anajinyoosha akinitazama. Tutarudi. Lakini kwanza Desemba tunakwenda Marangu wote watano, wakauone mlima wenye baridi. Nao una masharti yake: mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda mpaka kileleni. Nimewatangazia mapema. Kifungua mimba amevimba kichwa. Wa kati amehesabu vidole, akaniambia, "Baba, mimi bado. Nitamkaa bibi."

Tiketi za ndege nimeshalipa, kila mtu kwa umri wake.